SOLA IKIFA HUZIKWA WAPI?

Na Mwalimu wa Kemia

Muhula uliopita palifanyika mdahalo katika bwalo la shule yetu, na habari zake bado zazungumzwa mabwenini. Hoja ilikuwa hii: "Umeme wa jua ni bora kuliko umeme wa maji." Upande wa kuunga mkono ulisema vizuri sana. Ulisema kwamba jua halina bili, halikauki wakati wa kiangazi kama mto, wala halina moshi na sumu. Upande wa kupinga ulisimama imara kwa ajili ya bwawa la Kidatu, ambalo limo hapa hapa kati ya milima ya Vidunda na ile ya Udzungwa, na ambalo limekuwa likitoa umeme tangu mwaka 1975. Walitukumbusha kwamba mitambo yake ina uwezo wa megawati 204. Kura zilipopigwa, jua lilishinda. Nami nilipiga makofi pamoja na wengine.

Kabla ya kufunga mkutano, msichana mmoja wa Kidato cha Pili alinyosha mkono. Hakuwa katika orodha ya wasemaji. Alisema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba kuuliza. Sola ikifa huzikwa wapi?" Bwalo zima likacheka. Kengele ya chakula ikalia, watu wakatoka, na swali likabaki pale pale bila jibu.

Lazima nikiri kwamba mimi pia nilicheka. Lakini nilipokuwa nikienda nyumbani jioni ile nililifikiri swali lile, nikaona lilikuwa kubwa kuliko hotuba zote tulizosikia. Basi makala haya ni jibu langu kwa msichana yule, na nayaandika mbele ya wazazi na walimu wenzangu ili nao wanisahihishe nikikosea.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Huku kwetu sola ikifa huzikwa pale pale ilipofia. Kwa kuwa sisi ndio wachimba kaburi, yatupasa tuwe na sauti siku ya kuzaliwa kwake. Na mahali inapozaliwa ni katika chupa ya mkemia.

Nianze na habari yangu mwenyewe, nisije nikaonekana mtu wa kuwahubiri wengine tu. Mimi nilizaliwa Vidunda mlimani. Nilipokuwa darasa la sita, mjomba wangu alikuwa akivua samaki katika mto Ruaha, na nyavu zake zilihitaji vizito vya kuzizamisha. Siku moja tulipata betri kuukuu ya lori. Tuliipasua kwa shoka, tukamwaga maji yake makali kando ya migomba, tukatoa mabamba ya ndani na kuyayeyusha katika sufuria kuukuu juu ya mafiga. Risasi huyeyuka kwa moto wa nyuzi 327 tu, kwa hiyo kuni za kawaida zatosha. Tulimimina vizito vyetu katika vishimo vya mchanga, tukafurahi mno. Mdogo wangu, ambaye alikuwa hajaanza shule, alikuwa ameketi karibu akitazama na kuchezea majivu. Hakuna aliyetukataza, kwa maana hakuna aliyejua.

Leo najua, na kila nikikumbuka siku ile moyo wangu hauna raha. Lugha yetu imelipa madini haya jina moja na kile kitokacho bundukini, nasi twaweza kusema kwamba halikukosea. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini ambacho ni salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake hupokea mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Haimwui siku hiyo. Huenda polepole katika damu, mifupa na ubongo, na mtoto huanza kuwa mzito wa kujifunza, nasi walimu twamwita mvivu.

Labda msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya bahati mbaya ya nyumba moja. Sivyo. Karibu na Mombasa kuna mtaa uitwao Owino Uhuru, ambako palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Watoto wakaugua, na mmoja wao alikuwa mtoto wa mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mama huyo alishika shauri hili bila kuchoka hata kiwanda kikafungwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Kenya iliamuru watu wa mtaa ule walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Huko Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye bado wamekutwa na risasi katika damu yao. Mgodi ulikufa, lakini haukuzikwa.

Kuna madini mengine yaitwayo kadimi. Katika nchi ya Japani, mkoa wa Toyama, mgodi mmoja ulitiririsha kadimi katika mto Jinzu, na wakulima wakatumia maji yale katika mashamba ya mpunga. Mifupa ya watu, hasa akina mama, ikawa laini na kuvunjika kwa jambo dogo. Ugonjwa huo uliitwa "itai-itai", yaani "inauma, inauma". Serikali ya Japani ilikubali rasmi mwaka 1968 kwamba sababu yake ni kadimi ya mgodi.

Sasa yahusianaje na sola? Paneli nyingi zinazouzwa madukani Mikumi na Kilosa ni za silikoni, ambayo asili yake ni mchanga na mawe meupe. Silikoni yenyewe si sumu. Lakini mara nyingi waya zake huunganishwa kwa lehemu yenye risasi, na betri kubwa ya namna ya zamani inayowekwa chini yake ina kilo kadhaa za risasi. Hiyo ndiyo hali ya leo. Mimi nataka tuifikiri pia hali ya kesho, kwa maana kuna namna mpya ya sola inayotafutwa na wataalamu wa dunia, nayo yaweza kuwa baraka au balaa kulingana na kitakachotiwa ndani yake. Namna hiyo ni ya fuwele ndogo mno.

Nitaeleza kwa mfano wa hapa kwetu. Wengi wa wanafunzi wetu wana ndugu katika kiwanda cha sukari cha Kilombero. Waulizeni wale wanaopika sukari. Watawaambia kwamba maji ya miwa huchemshwa mpaka yawe mazito, kisha hutiwa vumbi laini la sukari liwe mbegu, na punje zote huanza kukua pamoja. Moto ukienda vibaya, au mbegu zikitiwa wakati usiofaa, punje nyingine zitakuwa kubwa na nyingine zitakuwa unga. Mpishi hodari hutoa punje za kipimo kimoja. Kazi ya fuwele za sola ni kama hiyo, ila punje zake hazionekani kwa macho. Punje ya sukari yaweza kuwa na upana wa nusu milimita. Fuwele ninazozisema zina upana wa nanomita mbili mpaka kumi tu, na nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Ukizipanga fuwele za nanomita tano mstari mmoja, utahitaji 100,000 ili kufikia upana wa punje moja ya sukari.

Je, kwa nini watu wahangaike na vitu vidogo namna hiyo? Kuna vitu vinavyopitisha umeme kwa wepesi, kama shaba. Kuna vinavyoukataa, kama mpira. Na kuna vya katikati, ambavyo tuviite vipitishi-nusu, na silikoni ni kimojawapo. Ndani yake chembe za umeme, yaani elektroni, zimekaa kama watu waliozuiwa na mtaro. Mwanga wa jua ukiipiga elektroni kwa nguvu ya kutosha, huruka mtaro na kuanza kwenda, na mwendo huo ndio umeme. Katika kitu kikubwa cha kawaida upana wa mtaro haubadiliki. Lakini fuwele ikiwa ndogo mno, kadiri inavyozidi kuwa ndogo ndivyo mtaro unavyozidi kuwa mpana. Kwa hiyo mkemia aweza kuchagua upana wa mtaro kwa kuchagua ukubwa wa fuwele tu, na kuufanya ufae mwanga anaoutaka. Ndiyo sababu fuwele za kitu kile kile, zikimulikwa, ndogo hutoa rangi ya samawati na kubwa kidogo hutoa nyekundu.

Jambo hili liligunduliwa na watu mbalimbali. Alexei Ekimov aliliona katika vioo vya rangi huko Urusi ya zamani, akatoa habari mwaka 1981. Louis Brus aliliona katika maji ya chupa huko Marekani mwaka 1983. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wanafunzi wake, huko huko Marekani, walipata njia ya kuzipika zikawa za kipimo kimoja: walitia dawa kwa ghafula katika kimiminiko cha moto sana, fuwele zikazaliwa kwa pamoja, kisha wakaongoza moto mpaka zikafika ukubwa walioutaka. Watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Wanafunzi wangu, msimame kidogo kwa Bawendi. Baba yake alikuwa mtu wa Tunisia, katika bara letu la Afrika. Mwenyewe alisimulia mwaka ule wa tuzo kwamba mtihani wake wa kwanza wa kemia alipofika chuo kikuu alipata alama 20 kwa 100, akawa wa mwisho darasani. Hakuacha. Alibadili namna yake ya kusoma. Nayasema haya kwa sababu nasikia wengi wa Kidato cha Pili wameanza kunong'ona kwamba mwakani, wakati wa kuchagua michepuo, wataikimbia kemia.

Faida ya fuwele hizi kwa sola ni kwamba zaweza kuchanganywa katika kimiminiko zikawa kama wino, na wino huo ukapakwa juu ya kioo au plastiki kama mtu apakavyo chokaa ukutani. Silikoni huyeyuka kwa nyuzi 1,414, na tanuru zake ni ghali mno. Fuwele hizi hupikwa kwa nyuzi zisizozidi mia tatu hivi. Kwa nchi isiyo na mtaji mkubwa, hilo si jambo dogo.

Lakini hapa ndipo pana mwiba. Fuwele za kwanza zilizopikwa vizuri zilikuwa za kadimi, na zilizojaribiwa sana katika sola zilikuwa za risasi na salfa. Yaani zile zile sumu za Toyama na za Kabwe, sasa katika umbo la wino. Mtu wa maabara aweza kusema kwamba kiasi chake ni kidogo na kimefunikwa kwa kioo. Nami namjibu kwamba kwetu kioo huvunjika, na mtoto huokota kipande.

Baadhi ya wataalamu wameliona jambo hili, wakaanza kutafuta fuwele zisizo na sumu hizo. Wengine hutumia shaba, indiamu na salfa. Mwaka 2016 maabara moja karibu na Barcelona, Hispania, ilitengeneza sola ya fuwele za fedha, bismuthi na salfa, na bismuthi ni madini ambayo hata dawa nyingine za tumbo hutengenezwa nayo. Tabaka lake lilikuwa la nanomita 35 tu, na katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua liligeuza 6 kuwa umeme. Mwaka 2022 ikafika karibu 9. Wengine wamechukua shaba, zinki, bati na salfa. Huko Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 2009 wino wa fuwele hizo ulitoa chini ya sehemu moja kwa 100. Mwaka uliofuata ulipita saba. Paneli za silikoni za madukani hutoa kiasi cha 20, kwa hiyo safari bado ni ndefu. Lakini mtoto akianza kutambaa hatumwambii kwamba hawezi kukimbia.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kazi ya namna hii haifanywi na wageni peke yao. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa ikichunguza kwa miaka mingi matabaka membamba ya kupokea jua, na mojawapo ni hilo la shaba, zinki, bati na salfa. Tazameni majina hayo. Shaba mwaijua. Bati huchimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Zinki imepakwa juu ya mabati ya paa la bwalo letu. Salfa wakulima huinyunyizia mikorosho. Hakuna hata kimoja ambacho mwanafunzi wa Kidato cha Tatu hajapata kukisikia.

Sasa nijibu wale watakaonipinga, kwa maana najua wapo.

Wa kwanza ni mzazi atakayesema, "Mwalimu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mke wangu alijifungua kwa mwanga wa koroboi. Nikipata sola, niiulize habari za kadimi?" Mzee wangu, una haki. Mimi mwenyewe nina sola nyumbani, na siwezi kumshauri mtu yeyote arudi kwenye moshi wa mafuta ya taa. Bora nusu shari kuliko shari kamili. Sisemi tuikatae sola. Nasema tusiridhike na nusu shari milele, maadamu kuna watu wanaoweza kuiondoa hata hiyo nusu.

Wa pili atasema, "Watengeneze kwanza, usafi utakuja baadaye." Huyu simkubali hata kidogo. Methali yasema samaki mkunje angali mbichi. Kiwanda kikishajengwa na mitambo ikishanunuliwa kwa ajili ya risasi, nani atakibomoa? Tena katika nchi tajiri "baadaye" ina maana, kwa sababu wana magari ya kukusanya vyombo vibovu na viwanda vya kuvifungua. Hata hivyo nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 2003 kupunguza risasi, kadimi na zebaki katika vyombo vya umeme. Sisi hatuna hayo magari. Nimeona vitu vingi vikipandishwa Vidunda kwa kichwa na kwa pikipiki: mabati, redio, betri, paneli. Sijapata kuona betri mbovu ikiteremshwa. Hutupwa bondeni au hufukiwa migombani. Mvua za masika huuchukua udongo ule mpaka vijitoni, vijito huingia Ruaha, na Ruaha hupita Kidatu na kwenda kuungana na Rufiji, ambako sasa kuna bwawa la Julius Nyerere. Mtu wa mlimani akizika sumu, huenda akawa anawazikia watu wa mbali asiowajua.

Kwa hiyo nasema usafi wa chombo ni lazima uanzie kwa mkemia. Mahali ambapo hakuna mkusanyaji, kitu kilichozaliwa na sumu kitaishi na sumu na kufa na sumu. Kilichozaliwa bila sumu, hata kikitupwa ovyo na mtu mjinga, hakitaua mtoto wa jirani. Nchi maskini ndiyo inayohitaji zaidi fuwele safi. Ndiyo maana si haki kazi hii iachiwe nchi tajiri peke yake.

Wa tatu ni mwanafunzi atakayesema kwamba mambo haya ni ya watu wakubwa wenye mashine, na maabara yetu haina hata mirija ya kutosha. Ni kweli maabara yetu ina upungufu, na mkuu wa shule ameniahidi msaada. Lakini ufundi wa fuwele hujifunzwa kwa chumvi, sukari, shabu na mrututu. Muhula huu Chama cha Sayansi kitakuza fuwele za shabu katika chupa za jamu, chupa moja ikipozwa upesi na nyingine polepole, ili tuone kwa nini moja hutoa unga na nyingine hutoa jiwe zuri. Anayeelewa sababu yake ameelewa nusu ya kazi ya Bawendi.

Nataka pia niwe mkweli kwa upande mwingine. Maneno "rafiki wa mazingira" ni matamu, na mfanyabiashara aweza kuyapaka juu ya kitu chochote. Fuwele yaweza kukosa risasi, lakini ikapikwa katika vimiminiko vyenye sumu ambavyo baadaye humwagwa mtoni. Indiamu ni adimu. Hata bismuthi niliyoisifu, nyingi yake hupatikana wakati wa kusafisha risasi. Basi tusiulize tu, "Ndani yake mna nini?" Tuulize pia, "Ilipikwa katika nini, na maji yake yalimwagwa wapi?" Wataalamu wema wanajaribu kuzipika katika maji badala ya dawa kali. Hao ndio tuwafuate.

Mwisho, nina mashauri matatu.

La kwanza ni kwa wanafunzi wote. Betri kuukuu isipasuliwe, isiyeyushwe, isitupwe motoni. Nimeweka sanduku la mbao lenye kifuniko nyuma ya maabara. Mtu akitoka likizo na betri mbovu ya nyumbani, ailete ikiwa nzima, nami nitatafuta njia ya kuipeleka kwa wanunuzi wanaoaminika. Akina mjomba wanaovua watafute vizito vya mawe au vya vyuma chakavu.

La pili ni kwa wazazi. Mnaponunua sola, muulizeni mwenye duka maswali mawili: betri yake ni ya namna gani, na je, ikifa ataipokea? Huenda akawacheka kama sisi tulivyocheka bwaloni. Wanunuzi kumi wakiuliza, ataanza kumwuliza yule anayemletea. Na mtoto akisema anataka mchepuo wa sayansi, msimvunje moyo kwa kumwambia kwamba ni wa wenye akili nyingi tu, hasa akiwa msichana.

La tatu ni kwa wanaochagua masomo. Nchi yetu itanunua paneli nyingi sana katika maisha yenu. Kama hatuna wakemia wetu wenyewe, nani atapima kilichomo ndani yake kabla hakijapanda mlimani? Tutaendelea kupokea kile tunacholetewa, na kukizika.

Naomba muhula ujao mwenyekiti wa midahalo akubali hoja hii: "Atengenezaye chombo awajibike kukizika." Nami naomba msemaji wa kwanza awe yule msichana wa Kidato cha Pili. Mwanangu, swali lako lilikuwa zuri kuliko majibu yetu. Nisamehe kwa kucheka.